Simu Tisa Zilizosikilizwa

Aibu nimezipata nyingi maishani na nyingi nimeshazisahau, lakini hii ya posta imekataa katakata kusahaulika, na kwa kuwa kila tukikutana lazima mmoja wenu anitanie, "Wewe, hebu tuandikie tangazo," halafu wote mnacheka na wale wageni wanabaki wakishangaa, nimeamua kuiandika yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sehemu ambayo huwa naruka. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeicheka sana, mpaka nikafika mahali ambapo haichekeshi tena.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini na mimi nilikuwa opareta wa simu katika posta moja ndogo upande wa Nyamira. Jina la kituo silitaji (si Keumbu, si Ekerenyo, acheni kukisia), kwa sababu watu wa pale ni watu wazuri na kosa lilikuwa langu. Wakati ule vijijini hukuwa unapiga simu mwenyewe. Ulikuwa unazungusha kile kishikio, kengele inalia kwangu, nauliza "Nambari?" kwa sauti ambayo mama yangu aliiita ya Kizungu, kisha nachukua waya wenye ncha ya chuma na kuuchomeka kwenye tundu la yule unayemtaka. Hapo mbele yangu kulikuwa na kiswichi kidogo. Ukikisukuma unasikia watu wanaongea, ili ujue wamepatana, halafu unakirudisha unawaachia mambo yao. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi kwa miaka sita niliifuata (isipokuwa mara mbili hivi, na zote zilikuwa habari za posa, mtu yeyote angesikiliza).

Mkuu wangu, postamasta, alikuwa Mzee Ondieki, Msabato wa kweli kweli na mpenzi wa rejista. Tulikuwa na rejista ya stempu zilizochanika, rejista ya kamba za kufungia magunia ya barua, hata rejista ya rejista. Kitu kikiingia kinaandikwa na kikitoka kinaandikwa, na ole wako ukisahau kutia sahihi.

Sasa, siku moja akaja mtu wa usalama kutoka Kisii mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti refu la mvua, hajui Kigusii hata neno moja, na sisi tukawa tunamwita Koti akiwa hayupo na afande akiwepo. Akaniambia atakuwa akija kila Alhamisi kusikiliza simu fulani. Mimi, kwa mazoea ya pale, nikamuuliza, "Afande, kuna barua?" Akatabasamu, akasema, "Mimi ndiyo barua." Nikamtazama Mzee Ondieki. Mzee Ondieki akatazama darini kwa muda, kisha akasema, "Mpe kiti." Nikampa kiti na hedifoni ya akiba, na hakuna aliyefungua rejista yoyote. Siku ile sikuliona jambo hilo. Leo nikilifikiria nashangaa kwamba kipande cha kamba kilikuwa na ukurasa wake na masikio ya Koti hayakuwa na hata mstari.

Simu aliyoitaka ilikuwa ya Mong'ina Nyaboke (mong'ina kwetu ni mama mtu mzima). Huyu alikuwa mama mjane wa pale kwetu, ana majani chai kidogo na migomba, na ana kijana mmoja, Omwenga, aliyekuwa chuo kikuu Nairobi. Kijana huyo na wenzake walikuwa wameandika karatasi fulani ya kuisema serikali, wenzake wakashikwa, yeye akatoroka. Kila Alhamisi saa nne unusu alikuwa anapiga posta, kila wiki kutoka mji mwingine, na mama yake anakuja mapema anaketi kwenye benchi, amejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, akingoja nimwite, "Mong'ina, ingia kibandani." Watu aliwaambia ni binti yake aliyeolewa Mombasa. Mimi nilijua si binti, maana nilikuwa nikiisikia sauti, na nilikuwa sijamwambia mtu. Sasa Koti naye akawa anaisikia.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kawaida, tena kwa Kiswahili, maana kijana aliogopa Kigusii kisimtambulishe huko miji ya watu. Umekula? Nimekula. Ng'ombe amezaa? Bado. Unasali? Nasali, mama. Mara ya kwanza niliona haya kusikia, mara ya pili kidogo, mara ya tatu nikawa nangoja kujua kama ng'ombe amezaa. Mara ya nne kijana akasema baridi inamsumbua, na Alhamisi ijayo atamwambia mama mahali pa kumletea sweta na blanketi. Koti akavua hedifoni taratibu, akanishika mkono, akasema, "Alhamisi basi." Nikaelewa. Wiki ijayo Omwenga angetaja mahali, na mahali hapo angemkuta Koti, na waya wa kumfikisha huko ningeuchomeka mimi. Niliogopa sana na sikufanya lolote. Nilijiambia mimi ni waya tu, waya hauulizwi, nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Hapo ndipo tangazo linapoingia.

Wiki ileile ilifika barua kutoka makao makuu. Wananchi nchi nzima walikuwa wakilalamika kwamba simu zao zinakatika na hakuna anayejali, kwa hiyo kila posta ilitakiwa kubandika ukutani, mahali pa wazi, taarifa ya kila mwezi: simu ngapi zimeombwa, ngapi zimeunganishwa, ngapi zimekatika, na malalamiko mangapi yamesikilizwa. Fomu zake zilikuwa bado hazijachapishwa. Mzee Ondieki akasema tungoje fomu. Mimi nikasema, tungoje za nini, nitaandika kwa mkono.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo hivyo. Lazima mjue kwamba mwandiko wangu ulikuwa na sifa. Kadi za harusi kutoka kwetu mpaka Ikonge niliandika mimi. Nikanunua manila nyeupe na kalamu mbili nene, nyekundu na buluu, nikaanza na kichwa, SIMU, kwa herufi kubwa zenye vivuli, na ile S nikaipamba kwa maua mpaka ikachukua robo ya karatasi. Chini yake nikaanza: Zilizoombwa. Zilizounganishwa. Zilizokatika. Nilipofika kwenye malalamiko nikakuta manila imeniishia, nafasi iliyobaki ni ya neno moja tu. Sasa ninyi mnajua Kiswahili chetu cha huku. Kwetu kila kitu ni "zi". Maji zimeisha, mayai zimevunjika, malalamiko zimesikilizwa. Tulikuwa tumesikiliza malalamiko tisa mwezi ule, mimi nayakumbuka yote, mengine nilitukanwa. Nikaona kila mtu ataelewa. Nikaandika kwa rangi nyekundu, safi kabisa: *Zilizosikilizwa: 9.* Nikaibandika Jumanne jioni kando ya dirisha, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaitazama, nikajipenda.

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Kufika saa tatu posta ilikuwa imejaa, na wa kwanza kuiona manila alikuwa Mwalimu Momanyi, aliyenifundisha Kiswahili sekondari, mtu ambaye hawezi kusoma kitu kimoyomoyo, lazima awasomee na walio nyuma.

"Simu," akasoma. "Zilizoombwa, mia mbili na kumi. Zilizounganishwa, mia na themanini. Zilizokatika, thelathini. Zilizosikilizwa..." Akasogeza miwani. "Tisa. Opareta, mmesikiliza tisa?"

Mimi pale swichibodini nikainua kifua. "Ndiyo, mwalimu! Zote tisa. Nyingi nilisikiliza mwenyewe, zingine tulisaidiana na mkuu."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja muuza ndizi akauliza pole pole, "Mulisikiliza ya nani?"

"Ya kila mtu, tata mzee, hatubagui," nikasema, na hapo nilikuwa nimeshaanza kufurahia (Mungu anisamehe). "Hata mke wako alipokuja Ijumaa tulimsikiliza mpaka mwisho. Na hii ni mwanzo tu. Mwezi ujao nataka tufike ishirini!"

Kelele zilizolipuka pale sijawahi kusikia tena. Mke wa yule muuza ndizi, ambaye alikuwa nyuma tu kwenye foleni, akaanza kusukuma watu akiuliza ni nini hasa nilichosikia Ijumaa, na mume wake naye akawa anamuuliza yeye swali hilohilo. Mama mwingine akasema kama ni yale aliyosema juu ya mama mkwe wake basi alikuwa anatania. Mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, akaingiza kichwa dirishani akaninong'oneza, "Ile ya Kisumu, ya juzi, iko kwa hiyo tisa?" Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Nikamjibu kwa furaha, "Kama ulilalamika, iko." Akaondoka akitoka jasho, na mpaka leo sijui Kisumu kulikuwa na nini.

Ni Mwalimu Momanyi aliyegundua. Akagonga manila kwa kidole. "Wewe kijana, hapa ulitaka kusema malalamiko?"

"Sasa mwalimu, ningekuwa nasema nini kingine?"

"Basi si 'zi'! Ni 'ya'! Malalamiko yaliyosikilizwa! Hapa umeandika kwamba mmesikiliza simu za watu! Miaka minne nilikufundisha ngeli! Ya, kijana! Ya, ya!"

Ninyi mnajua "yaya" kwa Kigusii ni hapana. Yule mzee wa ndizi akasikia hivyo, akageukia watu akapaza sauti, "Nyamazeni! Mwalimu anasema yaya! Hawakusikiliza!" Na habari ikapita nyuma mpaka nje, yaya, yaya, hawakusikiliza, na watu wakaanza kupumua, mmoja akacheka, na mimi nikahisi damu inarudi usoni. Kama dunia ingesimama hapo, hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu.

Lakini mlango ukafunguliwa akaingia Koti.

Alikuwa amekuja kutayarisha mambo ya kesho yake, na huko sokoni alikuwa ameshaambiwa kwamba posta wamebandika ukutani hesabu ya simu zinazosikilizwa. Akapita katikati ya watu bila salamu, akasimama mbele ya manila, akasoma. Mimi nikafungua mdomo nimweleze habari za ngeli. Sikupata nafasi. Mtu yule mpole akageuka akanipigia kelele mbele ya posta nzima.

"Tisa? Tisa! Mimi nimesikiliza nne tu! Hizi tano ni za nani? Unamsikilizia nani mwingine?"

Na mimi, nikitaka tu asinidhanie mabaya, nikasema kwa ile sauti yangu ya Kizungu, sauti inayofika mbali, "Afande, ni nne tu, naapa! Nne, zote za Alhamisi, saa nne unusu, hakuna nyingine!"

Watu wote wakageukia benchi.

Kwenye benchi alikuwa Mong'ina Nyaboke. Kila siku ya soko, akishauza ndizi zake, alikuwa anapita kuniuliza kama kesho simu zitafanya kazi. Alikuwa anajua saa nne unusu ya Alhamisi ni ya nani. Na kila mtu pale alijua, maana kila wiki walimwona kwenye benchi hilohilo. Akasimama, akachukua kikapu chake, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyesoma jina kwenye mlango akakuta si nyumba aliyokuwa anatafuta. Akatoka, na watu wakampisha njia bila kuambiwa.

Koti akabandua manila yangu, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya koti. "Kesho tutaonana," akasema.

Jioni Mzee Ondieki akaniletea karatasi ya kawaida, ndogo, akaniambia niandike nyingine. Mstari wa mwisho ukawa: *Simu zilizosikilizwa: hakuna.* Niliandika kwa kalamu ya wino, bila maua. Yule mzee wa ndizi, ambaye sijui kwa nini hakuwa ameenda nyumbani, akaomba asomewe, akatikisa kichwa. "Asubuhi tisa. Saa nne ikakuwa nne. Sasa hakuna. Zimeenda wapi?" Mzee Ondieki akajifanya anatafuta miwani yake. Mzee akaendelea, sasa kwa Kigusii, pole pole, kwamba yeye hajui mambo ya serikali, labda wako wezi ambao ni lazima wasikilizwe, lakini ile karatasi ya asubuhi alikuwa ameipenda, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu aliyekufanyia jambo kwa siri alikuwa ameliandika mahali unapoweza kulisoma. Mimi nimesoma magazeti mengi tangu siku ile, na nimewasikia mawakili wakilizungumza jambo hilo kwa saa nzima, na sijaona kama wamemzidi.

(Kuanzia wiki ile, Bwana Chhagan mwenye duka la vifaa, simu nambari saba, akawa anaanza kila mazungumzo hivi: "Habari yako ndugu yangu, na habari ya opareta, na habari ya wale wengine." Halafu anangoja kidogo, kama atajibiwa.)

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoruka.

Alhamisi saa nne Koti alikuwa kwenye kiti chake. Benchi lilikuwa tupu. Mong'ina hakuja, na hakuwa na njia ya kumpata kijana wake kumwambia asipige. Saa nne unusu kengele ikalia. Nikachomeka waya.

"Hallo?" akasema Omwenga. "Posta? Mama yupo?"

Nikamtazama Koti. Koti alizungusha mkono tu hewani, mvute, mweke hapo. Alitaka wenzake wapate muda wa kujua mji na kibanda. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Ningeweza kusema hayupo. Ni neno moja, na ni la kweli, na hakuna mtu angenifunga kwa kusema mama hayupo wakati hayupo.

Nikasema, "Ngoja kidogo, usikate. Mama yuko njiani."

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupamba, nikaongeza ambalo hata Koti hakuniomba. "Namwona pale sokoni, na kitambaa chake cheupe."

Nilikuwa nasikia anavyopumua. Akasema, "Sawa, nangoja." Halafu ikalia ile tii-tii ya sarafu kuisha, na simu ikakatika.

Hawakumpata. Walifika kwenye kibanda wakakuta kibanda tu. Koti alikasirika, na hasira yake ikaniangukia mimi: nililala ndani siku mbili Kisii mjini nikiulizwa ni nani aliyenituma kuandika ile manila, na kila nilipojibu kwamba ni ngeli, walidhani ni jina la mtu. Baadaye posta wakanisimamisha kazi miezi mitatu.

Na hapo ndipo nikawa shujaa, ndugu zangu. Nilipotoka ndani nikakuta watu wameshakubaliana kwamba nilifanya makusudi. Kwamba niliona mtoto wa mjane anataka kushikwa, nikatafuta njia ya kumwonya mama mbele ya kila mtu bila kumtaja. Mwalimu Momanyi mwenyewe alikuwa akisema sokoni, "Nilijua! Mtu aliyepitia darasani kwangu hawezi kukosea ngeli kiasi kile!" Kanisani Mong'ina alisimama akatoa ushuhuda, akasema Mungu alimtumia mtumishi wake mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeketi nyuma. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Sikukanusha. Nilianza hata kutembea na kifua mbele, na nikiulizwa kama ni kweli nilikuwa najibu, "Mambo mengine hatusemi," jibu ambalo lilinisaidia sana.

Ikapita miaka kama mitatu. Mambo ya nchi yakalegea kidogo, Omwenga akarudi nyumbani mchana kweupe, na mama yake akafanya sherehe ya shukrani, Jumapili moja. Mimi niliwekwa meza ya mbele pamoja na pasta. Firigisi ya kuku, ile ya mgeni wa heshima, ililetwa kwangu. Kisha akaja kijana mwembamba mwenye miwani, na birika la maji na beseni, akituosha mikono. Alipofika kwangu akainama, akaanza kumwaga maji, akasema kwa sauti ya chini, "Sauti yako ningeijua popote."

Nikadhani ni sifa. Nikacheka kidogo.

"'Namwona pale sokoni, na kitambaa chake cheupe,'" akasema. "Nilikuwa nimeweka sarafu yangu ya mwisho nimngoje. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunivunjia noti nirudi nipige tena. Niliporudi nikaona gari lao."

Akamaliza kumwaga maji, akanipa taulo, akaenda kwa pasta. Sikuona kama alikuwa na hasira. Nilibaki nimeshika taulo. Nilitamani sana ardhi ya pale inimeze, na haikunimeza, badala yake mshereheshaji akasimama akasema sasa tutamsikia shujaa wetu wa posta.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri, yenye utani juu ya ngeli. Yote yakapotea. Mbele yangu kulikuwa na watu wale wale wa foleni, muuza ndizi na mkewe, mwalimu, hata Mzee Ondieki aliyekuwa amestaafu. Nikajisikia nasema, si kwa sauti ya Kizungu, kwa sauti yangu, "Ile karatasi ilikuwa kosa. Sikumwonya mtu. Nilikosea ngeli. Nilikuwa nimesikiliza simu za huyu mama mara nne, na kesho yake baada ya karatasi ile ikaja ya tano, nikamdanganya kijana wake angoje, ili wamshike."

Hakuna aliyepiga makofi, hilo naweza kuwahakikishia. Mwalimu Momanyi alivua miwani akawa anaifuta, anaifuta. Pasta akatazama sahani.

Mong'ina Nyaboke alikuwa mlangoni kwa jiko, ameshika mwiko. Akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu ya wageni, "Ile nne tulisikia, wewe mwenyewe ulisema pale posta. Hii ya tano mbona hukuandika?"

Akaningojea kama anavyongojea mtu anayejua kungoja, kisha akasema, "Keti, omwana one, mwanangu, ukule. Chakula inapoa." Akarudi jikoni. Niliketi, nikala kwa sababu niliambiwa, na watu wakarudi kwenye mazungumzo yao pole pole, lakini hakuna aliyeniita shujaa tena, na njiani nikirudi nilijikuta nimefarijika na nimeona haya kwa wakati mmoja.

Niliacha kazi ya simu mwaka uliofuata. Sijasikiliza tena mazungumzo ya mtu, hata hizi simu za siku hizi, mke wangu akipokea huwa natoka nje. Na nikisikia wakubwa wanasema wanasikiliza kwa ajili ya usalama wetu, sibishani nao, naulizia tu ukuta uko wapi na karatasi imebandikwa lini. Mong'ina aliniuliza mara moja tu, hakurudia mpaka alipofariki, na mimi ndiyo kwanza naujaza ule mstari uliokosekana. Simu ya tano, Alhamisi, saa nne unusu. Ilisikilizwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mimi.